Navuta bangi usiku kwa sababu ya maumivu, Jumapili nafundisha kwaya. Je, ni dhambi?

Bwana Yesu asifiwe, Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43. Niliokoka nikiwa sekondari na kanisani kwetu mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Jina langu naomba libaki kwako.

Miaka mitatu iliyopita niliugua mkanda wa jeshi, ubavu wa kulia, chini ya titi. Malengelenge yalikauka na ngozi ikapona, lakini maumivu hayakuondoka. Daktari alinieleza kwamba mishipa ya fahamu ya pale ndiyo iliyoumia. Nguo ikinigusa tu, mwili mzima unashtuka. Sidiria zangu zote nimezifumua mshono upande ule ili ukanda usikae kwenye mbavu. Nilipewa amitriptilini, kinywa kikawa kikavu na asubuhi siamki. Nikabadilishiwa gabapentini, nikapata kizunguzungu mpaka nikawa nasahau maneno ya nyimbo ninazozifundisha mwenyewe. Nimeombewa, nimefunga. Sisemi Mungu hakusikia, nasema maumivu yalibaki.

Mwaka jana mfanyakazi mwenzangu, naye ni mpendwa ila si wa dhehebu letu, alinipa msokoto wa bangi. Ninapoishi sheria inamruhusu mtu mzima kuvuta nyumbani kwake, kwa hiyo nakuomba usinijibu habari za polisi. Watoto walipolala niliingia bafuni, nikafungua dirisha, nikapiga pafu nne. Nililala mpaka alfajiri. Asubuhi nililia kwa furaha, nilikuwa nimesahau usingizi ukoje.

Mume wangu anajua. Hapendi, lakini anasema afadhali mke anayelala kuliko mke anayelia usiku kucha.

Tangu hapo ni karibu kila usiku. Siku hizi ubavu umepunguza makali, kuna siku inapita sijaukumbuka hata mara moja. Ila usiku ukifika navuta vilevile, hasa kama kazini kulikuwa na kelele. Nimeshazoea.

Mwezi uliopita mchungaji alihubiri kwamba bangi ni jani la kuzimu na anayeivuta amewafungulia mapepo mlango. Kanisa zima likaitikia Amina, na mimi nimekaa mbele na kwaya yangu. Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia. Nikaona Mwanzo 1:29, kwamba Mungu ametupa kila mche utoao mbegu. Nikaona Paulo akimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Moyo ukatulia. Nikampigia rafiki yangu, akaniuliza kama nimesahau kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Moyo ukavurugika tena.

Kinachoniumiza zaidi ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alianza kuvuta bangi akiwa na miaka 15. Alipofika 21 alirukwa na akili, akawa anasikia sauti, akalazwa wiki kadhaa hospitali ya magonjwa ya akili. Leo ana miaka 26, alipita kituo cha waraibu, ameokoka na anaishi kwangu. Alipotoa ushuhuda kanisani alisema, "Dada yangu ndiye aliyenishika mkono." Nilipiga makofi na wenzangu. Usiku uleule nilivuta.

Juzi ameniuliza, "Dada, mbona bafuni kuna ile harufu?" Nikamwambia inatoka kwa majirani. Harufu ile anaijua kuliko mimi.

Nauliza: ni dhambi au si dhambi? Niache kwaya? Nimwambie mdogo wangu? Nijibu moja kwa moja, Mshauri, nimechoka kuzungushwa.

Mwimbaji Asiyelala

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, Bwana asifiwe, na pole. Pole kwa huo ubavu kwanza, maana nahisi tangu mahubiri yale hakuna aliyekupa pole. Maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi yanajulikana vizuri hospitalini. Kwa baadhi ya watu hudumu miezi, kwa wengine miaka, na hayana uhusiano wowote na upungufu wa imani. Ukweli kwamba umefunga, umeombewa na bado unaumwa si ushahidi dhidi yako.

Nilivyokuelewa, ulianza kuvuta ili ulale, ukalala, na sasa hujui kama usingizi ule ni neema au ni kosa. Juu ya hilo unamficha mtu uliyemsaidia kutoka kwenye kitu hichohicho. Umeniomba ndiyo au hapana. Sitakupa, na si kwa kukukwepa. Swali lako linauliza habari za jani, na barua yako ina mambo mazito kuliko jani.

Hata hivyo tuanze na Maandiko. Biblia haiitaji bangi popote, kwa hiyo kila anayekuambia "imeandikwa" anatoa hoja kutoka kwenye jambo jingine. Andiko la Mwanzo lililokutuliza moyo ningelitumia kwa tahadhari. Linamalizia kwa kusema mimea hiyo itakuwa chakula chenu, na mbarika nao hutoa mbegu, lakini ukitafuna mbegu zake chache unaweza kufa. Andiko la rafiki yako nalo, 1 Wakorintho 6:19, Paulo aliliandika akikemea uasherati. Ni kweli linatufundisha kwamba mwili si mali yetu wenyewe. Ila nimewahi kujiuliza kwa nini hekalu hukumbukwa haraka moshi unapotajwa, na husahaulika mbele ya mtu anayejiua kwa kazi au kwa kula kupita kiasi.

La Timotheo ndilo lililo karibu na hali yako. Lisome taratibu: "tumia mvinyo kidogo, kwa ajili ya tumbo lako, na magonjwa yakupatayo mara kwa mara." Kuna kipimo hapo na kuna ugonjwa uliotajwa. Na kuna jambo la tatu ambalo wengi hulipita. Timotheo hakujiandikia dawa. Aliyemshauri ni mtu aliyeyajua magonjwa yake na aliyeweza kumuuliza baadaye anaendeleaje. Katika habari ya bangi yako, huyo ni nani? Mume wako anajua, lakini naye ni mtu aliyechoka kukusikia ukilia, si rahisi akuulize maswali magumu. Daktari hujaniambia kama anajua.

Wakristo wanaopinga bangi kwa hoja nzito hawaanzii kwenye mapepo. Wanaanzia Waefeso 5:18, "msilewe kwa mvinyo, ambamo mna ufisadi, bali mjazwe Roho", na 1 Petro 5:8, "Mwe na kiasi na kukesha." Wanasema mtu anaweza kunywa divai na chakula bila kulewa, lakini anayevuta bangi mara nyingi anaitafuta stimu yenyewe, kwa hiyo kuvuta na kulewa havitenganishiki. Hoja hiyo siidharau. Wapo waumini wengine wanaoiweka bangi palepale penye divai: kiasi si dhambi, kulewa ni dhambi, na kila mmoja athibitike katika akili yake mwenyewe. Halafu yupo mgonjwa aliyepewa morfini baada ya upasuaji. Akili yake nayo huingia ukungu, na sijasikia kanisa lililomtenga. Kumbe wote tunakubali kwamba sababu ya kutumia kitu ina uzito, tunagombana tu juu ya mahali pa kuweka mpaka.

Makanisa yenyewe hayasemi kwa sauti moja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inayaita matumizi ya dawa za kulevya kosa zito, lakini inaacha nafasi kwa sababu za tiba tu. Papa Fransisko alisema mwezi Juni 2014 kwamba hapatani na wazo la kuhalalisha dawa za starehe. Askari wa Jeshi la Wokovu huahidi kujiepusha na pombe, tumbaku na dawa za kulevya zisizo za tiba. Kwa upande mwingine, mkutano mkuu wa kanisa la Presbiteri la Marekani mwaka 2006 uliunga mkono wagonjwa kupata bangi kwa tiba. Ukitazama vizuri utaona kwamba hata walio wakali hawafungi mlango wa tiba. Mchungaji wako aliufunga siku ile, sijui kama alikusudia. Huenda machoni pake palikuwa na vijana waliopitia aliyopitia mdogo wako, hakumfikiria mwanamke mwenye ubavu unaowaka.

Polisi umeniomba niwaache, nimewaacha. Ninaongeza neno moja tu juu ya sheria. Desemba 2020 tume ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa iliitoa bangi kwenye kundi lililobanwa zaidi la Mkataba wa 1961 wa kudhibiti dawa za kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25. Laiti wajumbe wawili wangebadili mawazo, matokeo yangegeuka. Dhamiri haiwezi kukaa juu ya kitu kama hicho, iwe sheria inakuruhusu au inakukataza.

Sasa dada yangu, turudi kwenye sentensi uliyoiandika haraka ukapita: ubavu umepunguza makali, "ila usiku ukifika navuta vilevile, hasa kama kazini kulikuwa na kelele."

Niliisoma mara kadhaa. Barua nzima unaitetea dawa ya maumivu, na hapo unaniambia kwamba kuna usiku maumivu hayapo na dawa ipo. Sikuhukumu. Mtu aliyewahi kukosa usingizi kwa miaka miwili anauogopa usiku hata usipouma, na woga huo ni mzigo halisi. Ila jiulize bila kujionea haya: usiku wa kelele za kazini unatibu nini? Paulo ana maneno yanayoweza kukufaa hapo kuliko yote mliyorushiana na rafiki yako: "vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." Mpaka anaouchora Paulo haupiti kwenye kitu, unapita kwenye nani anamtawala nani.

Kwa upande wa afya, inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila kumi wanaotumia bangi huishia kuwa tegemezi. Kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni kama mmoja katika kila sita. Na anayeizoea akiiacha ghafla hupata arosto yake: usingizi hukata, hasira huwa karibu, ndoto huwa nzito. Huanza ndani ya siku moja au mbili na kwa wengi hulegea baada ya wiki mbili hivi. Nakueleza hili kwa sababu ukijaribu kuacha ukakesha, unaweza kuamini kwamba maumivu yamerudi, kumbe ni mwili unadai ulichozoea. Chukua daftari. Kila jioni kabla ya kuvuta andika maumivu ni mangapi katika kumi, na siku yako ilikuwaje. Pembeni andika pafu ulizopiga. Baada ya wiki tatu usimpelekee mchungaji kwanza, isome wewe.

Kisha rudi kwa daktari na daftari hilo. Mweleze yote. Amitriptilini na gabapentini ni dawa zinazotumika sana kwa maumivu ya mishipa, na mara nyingi madhara yake hupungua kwa kuanza na dozi ndogo mno na kuipandisha polepole. Kuna plasta za lidokaini na dawa za kupaka zenye kapsaisini, ile inayowasha kwenye pilipili, ambazo hufanya kazi palepale kwenye ngozi bila kukulevya kichwa. Ulizijaribu? Na kama bado umeweka akiba ya amitriptilini, usiichanganye na bangi bila yeye kujua, maana vyote viwili huongeza usingizi na mapigo ya moyo. Sikatai kwamba bangi husaidia. Mwaka 2017 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti na kuona upo ushahidi wa kutosha kwamba inawapunguzia watu wazima maumivu sugu. Lakini msokoto wa bafuni hauna lebo. Hujui umevuta kiasi gani, na mapafu yako, mapafu ya mwalimu wa kwaya, yanapokea moshi hata kama nia ni njema.

Usinielewe vibaya kwamba nakutaka uumie kishujaa. Kuna wanaolitumia lile la msalabani, kwamba Yesu alikataa mvinyo uliotiwa manemane, kuwaambia wagonjwa wavumilie. Yeye alikataa kikombe chake mwenyewe. Wagonjwa waliomjia hakumwambia hata mmoja akavumilie, aliwaponya.

Nije kwa mdogo wako. Unamficha kwa sababu unaamini kutojua kunamlinda. Nina shaka na hilo. Wewe mwenyewe umesema harufu ile anaijua kuliko wewe, basi hakuuliza kwa kutojua. Nadhani alikuwa anakupa nafasi.

Halafu kuna jambo ambalo pengine hukulitazama. Huyu ni kijana aliyewahi kusikia sauti ambazo hazikuwepo. Watu waliopitia hali hiyo hujifunza kujikagua kila mara: hiki ninachokisikia kipo kweli, au ndiyo naanza tena? Leo pua yake imemwambia ukweli, na dada anayemwamini kuliko wote amemwambia pua imekosea. Si kwamba anaweza tu kujua kuwa ulidanganya. Anaweza asijue, akaanza kujiogopa. Kwa hesabu yangu hilo ni zito kuliko bangi yenyewe.

Kukaa kwake karibu na bangi nako si jambo dogo. Kwa mtu aliyewahi kurukwa na akili, kurudi kuvuta kunaweza kurudisha ugonjwa. Na bangi ya siku hizi ina nguvu kuliko ya zamani: sampuli zilizokamatwa Marekani mwaka 1995 zilikuwa na wastani wa kama asilimia 4 ya THC, kile kiambata kinacholevya, na kufikia 2014 zilikuwa kama asilimia 12. Iko wapi ndani ya nyumba yako, na nani anaweza kuifikia? Hata kama hujaamua lolote lingine, hilo linahitaji jibu leo jioni.

Kumwambia kuna hatari zake. Anaweza kutikisika. Anaweza kukuona mnafiki, akumbuke yale makofi. Anaweza kusikia "dada naye anavuta" na kichwa kikamgeuzia maneno yakawa ruhusa. Anaweza kumweleza mchungaji kabla yako. Kutomwambia nako umeshaona kunakokupeleka, maana majirani hawawezi kuvuta kila usiku. Warumi 14 inasema ni vyema kutokula nyama wala kunywa divai kama ndugu yako hukwazwa, na sura hiyohiyo inakataza ndugu kuhukumiana. Watu huichukua nusu wanayoitaka. Wewe unazihitaji nusu zote mbili, kumlinda yeye na kutojitwisha hukumu za watu. Na ina mstari wa mwisho unaokugusa wewe peke yako: anayekula huku ana shaka amehukumiwa kuwa ana hatia, hata kama chakula chenyewe hakina neno. Barua yako imejaa shaka, dada yangu. Unavuta kila usiku ukiwa huna hakika. Jambo hilo linahitaji kushughulikiwa hata kabla hatujakubaliana kuhusu jani.

Ukiamua kumwambia, mwone kwanza mshauri wake wa kile kituo, kama bado wanawasiliana, na umwombe awepo au akuelekeze. Anza na harufu: "Ile siku pua yako haikukosea, mimi ndiye niliyekosea." Hayo ayapate kabla ya maelezo ya ubavu wako. Maelezo yakitangulia atayasikia kama kisingizio. Usimwahidi utaacha kama hujaamua kuacha. Ameshaishi na waraibu, ahadi za namna hiyo anazijua.

Kuhusu kwaya, sioni haraka. Ukijiondoa kesho bila neno, wanakwaya watatunga sababu, na zitakuwa mbaya kuliko ukweli. Ukiendelea vilevile huku kila Amina inakuchoma, utaimba ukiwa unajificha, na hilo nalo huchosha kuliko maumivu. Katikati ya hayo kuna kupumzika kwa muda, na sababu ya afya unayo, tena ya kweli. Mchungaji utamweleza lini, na kama utamweleza, sina uhakika. Unamjua, mimi simjui. Kama ni mtu anayeweza kuitunza siri ya muumini, huenda akasikia kutoka kwako jambo ambalo hakulifikiria alipokuwa anahubiri. Kama siri kwake hugeuka mfano wa Jumapili inayofuata, tafuta mzee wa kanisa au mama mtu mzima unayemwamini, umweleze yeye kwanza, mwombe pamoja.

Niandikie tena ukishamwona daktari. Ningependa pia kujua mdogo wako alisema nini, kama utafika huko.